Sweta la kijani

*Kikundi cha familia, Ijumaa usiku*

Neema: Shikamooni wote. Majina ya kidato cha tano yametoka. Nimepangiwa Makete, huko mkoa wa Njombe, CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Natakiwa kuripoti Julai. Eti kuna baridi sana, ni kweli au watu wananitisha tu?

Mjomba Lameck: Marahaba mjomba, hongera! Julai tena? Wamekuchagulia mwezi wenyewe.

Mama Neema: Tangu mchana namwambia, anacheka. Mtoto wa Mbagala huyu, feni ikizimwa analalamika.

Baba Neema: Kwetu Pangani blanketi ni la mgonjwa na mzazi. Mtu mzima mwenye afya anajifunika shuka basi.

Mama Neema: Wewe ulikuja kuposa Njombe mwezi wa nane ukalala na viatu.

Mjomba Festo: Na kofia. Asubuhi tukamkuta shemeji kakaa jikoni kwa Mama kabla ya jogoo, kakumbatia jiwe la mafiga.

Baba Neema: Nilikuwa namsaidia mama mkwe kuwasha moto 😂

Mjomba Festo: Neema, mjomba wako ni mwalimu wa fizikia, nisikilize. Usiku ukitoka nje ukaona nyota zimejaa mbingu nzima, usizishangilie. Mawingu ndiyo blanketi la ardhi. Yasipokuwepo, joto lote lililokusanywa mchana linapaa zake, na alfajiri unakuta majani meupe. Hiyo ndiyo sakitu.

Neema: Kama theluji?

Mjomba Festo: Hapana. Theluji inadondoka. Sakitu inaganda palepale juu ya jani. Ikipiga shamba la viazi, mchana majani yamekuwa meusi utadhani moto umepita.

Mjomba Lameck: Sisi hatukuwa na fizikia, tulikuwa na pua. Ukivuta hewa ikakuchoma ndani, unajua kesho hakuna kuoga.

Neema: Mlikuwa hamwogi???

Mama Neema: Walikuwa wanaoga pasipoti. Uso na masikio.

Mjomba Lameck: Masikio Jumapili tu. Wewe dada nawe usijitie usafi. Mchakamchaka ulikuwa saa kumi na moja alfajiri, giza, ukungu, humwoni anayekimbia mbele yako, unafuata wimbo. Ukirudi, ndoo uliyochota jana ina utando wa barafu. Utaogaje?

Mama Neema: Sisi wasichana tulikuwa tunalala wawiliwawili, mzungu wa nne, mablanketi mawili juu. Matroni akipita na tochi anahesabu miguu badala ya vichwa. Mimi nililala na yule rafiki yangu wa Ludewa miaka minne, mpaka leo nikilala peke yangu mwezi wa sita miguu inamtafuta.

Baba Neema: Asante kwa taarifa.

Mama Neema: Neema, nimekumbuka. Usikubali mtu aingize jiko la mkaa bwenini usiku. Hata kama limebaki makaa matatu. Ile hewa yake haina harufu, mnalala na hamuamki. Hilo silifanyii utani.

Neema: Sawa mama.

Mjomba Festo: Na ukipata nafasi nenda Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu. Lakini Julai utakuta nyasi kavu na upepo. Maua subiri mvua, kuanzia Desemba hivi.

Mjomba Lameck: Na siku hizi lami inafika Makete. Zamani, enzi Njombe iko mkoa wa Iringa, ukipanda gari la huko unashuka rangi moja na barabara.

Neema: Nibebe nini sasa? Fomu imeandika sweta moja.

Mjomba Lameck: MOJA? Beba matatu. Mimi nilikuwa na moja, tena la kijani, alilonifumia Mama kwa mkono wake. Likaibiwa kwenye kamba Julai 1993, niko kidato cha pili. Nilimaliza kipupwe kizima nimevaa mashati mawili na gazeti la Uhuru katikati. Nikiinama darasani nachakarika kama mfuko wa karanga.

Mama Neema: Si ndiyo ulipigana na yule kijana wa bweni la juu?

Mjomba Lameck: Ndiyo! Nilimwona na la kijani, nikamrukia. Kumbe lake. Nikafyeka majani wiki nzima. Na mwizi mwenyewe hakujulikana mpaka leo.

Mama Neema: Festo mbona umenyamaza? Naona unaandika unafuta, unaandika unafuta.

Mjomba Festo: Lameck mdogo wangu, umri umekwenda.

Mjomba Lameck: Nini?

Mjomba Festo: Halikuibiwa. Nilikuwa kidato cha nne, tulikuwa tunapiga msuli usiku jikoni kwa wapishi, pale penye sufuria kubwa za makande. Kuni za miwati, unajua zile zinavyotunza moto. Nikalichukua kwenye kamba niazime usiku mmoja. Nikasinzia. Kuamka, mkono wa kulia hakuna.

Neema: MKONO??

Mjomba Festo: Wa sweta.

Mjomba Lameck: Festo.

Mjomba Festo: Nikaona kukuonyesha ni aibu, nikalitia motoni lililobaki. Nilitaka kusema siku ulipopigana, lakini ulikuwa umeshapewa adhabu, nikaona sasa nikisema tutafyeka wawili.

Mjomba Lameck: Ulikuja kunipa pole! Ukaniletea gazeti!

Mjomba Festo: Ndiyo maana nilileta.

Baba Neema: Shemeji, ukija kwetu naficha makoti yangu 😂😂

Mjomba Lameck: Sicheki. Lile Mama alilifuma kwa mkono. Miaka yote hii nikiona nyuzi za kijani dukani roho inaniuma.

Bibi Njombe: Kamwene. Hapa ni Zawadi, Bibi kanikalisha nisome yote, sasa anasema niandike kama anavyosema. Anasema: Lameck acha kulia, mimi lile sweta sikulifuma.

Mjomba Lameck: Mama?

Bibi Njombe: Anasema: nililinunua mtumbani Makambako, nikakata lebo shingoni. Mimi kufuma nimejifunzia wapi, na shamba lile? Baba yenu ndiye aliyesema mama yenu kafuma. Mimi nikanyamaza.

Mama Neema: Nimekaa chini.

Mjomba Festo: Kwa hiyo kosa langu limepungua?

Bibi Njombe: Anasema wewe usiongee. Anasema Neema asinunue kitu huko Dar, masweta ya huko mepesi. Ashukie Njombe siku mbili kabla ya kuripoti, Festo atatuma hela ya masweta matatu.

Mjomba Lameck: Manne. Moja langu, la kijani.

Mjomba Festo: Size gani siku hizi?

Mjomba Lameck: Kubwa. Na uache mikono yote miwili.