Feni ya maji, pangaboi au kiyoyozi: kipi kinafaa kwa fukuto la Dar es Salaam?

Mhamiaji_Dom: Ndugu wadau, mwezi ujao ninahamia Dar es Salaam pamoja na mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana. Hapa Dodoma feni ya maji imetutosha hata mwezi wa Novemba, jua linapokuwa kali kabla ya mvua kuanza. Je, niibebe, au niiuze ninunue pangaboi au kiyoyozi?

Fundi_Majokofu: Iuze huko huko. Feni hiyo hupoza hewa kwa kugeuza maji kuwa mvuke, kwa hiyo nguvu yake yote inatokana na ukavu wa hewa ya Dodoma. Hewa ya nyuzi joto 32 yenye unyevu wa asilimia 35 ikipita kwenye pedi zilizolowa inaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 21. Hewa ya nyuzi hizo hizo 32 yenye unyevu wa asilimia 70, hali isiyo ngeni Dar es Salaam msimu wa kaskazi, haishuki chini ya nyuzi 27. Kibaya zaidi, mvuke unaoongezeka chumbani unalizuia jasho lenu kukauka. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoa joto la takriban kilojuli 2,400, ilhali jasho linalodondoka sakafuni halipozi chochote cha maana.

Mkazi_Tabata: Mimi ninatetea pangaboi. Halipunguzi joto la chumba, lakini upepo wake hufagia hewa yenye mvuke iliyotuama juu ya ngozi. Fungua madirisha ya pande mbili.

Muuguzi_Mstaafu: Ninakubaliana na ndugu wa Tabata kwa upande wako wewe, lakini si kwa mama. Kadiri umri unavyosogea, mwili hutoa jasho kidogo na kiu huchelewa kusikika, na upepo hauwezi kukausha jasho ambalo halikutoka. Mnunulie kiyoyozi, umeme ukikatika, mpanguse kwa kitambaa chenye maji huku ukimpepea, na umpe maji ya kunywa bila kungoja aombe.

Mhamiaji_Dom: Ahsanteni sana. Chumba chake ni kidogo. Je, nikinunua kiyoyozi kikubwa hakitamfaa zaidi?

Fundi_Majokofu: Hapana. Kiyoyozi hukamua maji hewani, ndiyo yale yanayochuruzika kwenye bomba la nje. Kikiwa kikubwa kupita chumba, kitafikia baridi haraka na kujizima kabla hakijakausha hewa, na mama atalala kwenye ubaridi wenye unyevunyevu. Nipe urefu, upana na kimo cha chumba, pamoja na upande linakopiga jua la mchana, nikukadirie.