Mbavu za mwana-kondoo na mchuzi wa kikaangoni: viungo vipakwe lini?

Mkazi wa Njiro, Arusha
Habari zenu, ndugu wapishi. Jumapili nakusudia kuwapikia wageni mbavu za mwana-kondoo, kila kipande na mfupa wake, nizikaange kwenye kikaango kizito cha chuma kisha nitengeneze mchuzi humo humo. Ninavyo bizari nyembamba, giligilani kavu, iliki, pilipili manga na kitunguu saumu. Kinachonitatiza ni kwamba viungo vya unga huungua upesi penye moto mkali na kuutia mchuzi uchungu, lakini moto ukipunguzwa nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Je, vipakwe kabla au baada?

Mwenye bucha, Kilombero
Dada, tuanze na nyama yenyewe. Kondoo mkubwa hatalainika kwa dakika chache za kikaangoni hata umpake nini. Huyo ni wa kuchemshwa taratibu. Wa chini ya mwaka mmoja utamtambua kwa nyama ya waridi, ilhali ya mkubwa ni nyekundu iliyokolea. Mwombe muuzaji akate kwa msumeno, kwa sababu shoka huupasua mfupa na kuacha vichenga vinavyoishia mchuzini. Unene uwe sentimita 2 na nusu hivi.

Mama Mpishi, Moshi
Kaka wa bucha amesema vyema. Kuhusu viungo, mwanangu, vigawe. Bizari, giligilani na pilipili manga zitwange ziwe chenga, si unga, uzipake pamoja na chumvi saa moja kabla. Kitunguu saumu na iliki viweke kando, ni vya mchuzi. Kabla ya kukaanga, ikaushe nyama kwa kitambaa safi. Maji hayapiti nyuzi 100, na kwa mwinuko wa Arusha huchemka hata kabla ya hapo, ilhali nyama hushika rangi ya kahawia vizuri kuanzia kama nyuzi 140. Yenye majimaji basi itachemka tu. Anza kwa kuisimamisha upande wa mafuta mpaka yayeyuke, kisha dakika 3 kila upande. Usijaze kikaango.

Ukishaitoa, mwaga mafuta ubakize kijiko kimoja, punguza moto, kaanga kitunguu maji kilichokatwa vidogo, kisha saumu na iliki. Mimina nusu kikombe cha supu na kijiko cha ukwaju uliochujwa, ukikwangua ukoko kwa mwiko wa mbao, kwa maana utamu wote umo humo. Mchuzi ukianza kushika kijiko, zima moto ndipo utie siagi. Ukoko ukiwa mweusi, osha kikaango na utengeneze mchuzi upya, ule hauokoleki.

Mkazi wa Njiro, Arusha
Nashukuru sana, mama. Wageni wawili hawali nyama yenye wekundu ndani, nifanyeje?

Mama Mpishi, Moshi
Vipande vyao virudishe mchuzini dakika 2 au 3 kabla ya siagi, wekundu utaisha bila nyama kukauka. Vya wengine vipumzike vimefunikwa kwa dakika 5. Na sahani zipashe moto kwa maji, kwa kuwa mafuta ya kondoo huganda upesi, hasa jioni hizi za baridi.