Mashine nimenunua mimi, mume anataka hisa 60% na aandikwe Mkurugenzi Mtendaji. Nishaurini kabla hatujaenda BRELA kusajili kampuni

Mama Mashudu (mleta mada)

Habari zenu wakuu, uzi mrefu kidogo mnivumilie.

Niko Singida nakamua alizeti. Nilianza na kimashine kimoja cha Mchina kwenye banda la kupanga, mtaji ulikuwa hela ya vikoba pamoja na kipande cha shamba alichoniachia marehemu mama nikakiuza. Mungu kasaidia, saivi nina mashine tatu, filta, stoo ya mbegu na vijana sita msimu ukichanganya. Msimu ukikata tunakula kwa mashudu tunayowauzia wafuga kuku na ng'ombe, na mbegu tulizoficha stoo.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Ni mtu mwema, nisije nikaandika hapa mkaanza kumtukana, hanywi, ada analipa, watoto wanamwogopa na kumpenda. Banda la kupanga liliponishinda alininunulia kiwanja, mimi nikajenga, mashine zikahamia hapo. Hati ina jina lake.

Sasa kuna mnunuzi wa Dar anataka mafuta ya lita moja na lita tano yaliyofungashwa yakiwa na lebo, ila hafanyi kazi na mtu binafsi, anataka kampuni, risiti ya EFD na alama ya ubora ya TBS. Na benki nayo nikitaka hela ya kununulia mbegu wakati wa mavuno, ile Mei mpaka Julai bei ikiwa chini, wananiuliza hivyohivyo, kampuni iko wapi. Basi tukakubaliana nyumbani tusajili. Kufika kwenye hisa mzee akasema yeye 60 mimi 40, na yeye ndo awe Mkurugenzi Mtendaji. Sababu zake, kwanza kiwanja ni chake, pili eti mwanaume ndo anaaminika mezani.

Hiyo ya pili inaniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Juzi limekuja lori la mbegu kutoka Iramba, nimesimama pale na mizani, hela iko kwenye pochi, dereva anagoma kushusha anasema "namsubiri mwenye mashine". Namwambia ndo mimi, anacheka. Akatafuta namba ya mume wangu akampigia yuko darasani, mume akamwambia shusha, na mbegu zikashuka. Mimi bado nimeshika pochi. Tangu siku hiyo kila tukiongea habari ya kampuni ananikumbusha lile lori.

Nakataaje bila kuvunja nyumba? Majibu ya "achana naye" siyataki, nimesema mapema.

Kipara wa Kibaha

KATAA NDOA tulisema humu mkatuona wendawazimu. Niko siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee Nondo

Dada naomba nikwambie ukweli usioupenda. Mume ni kichwa cha nyumba, mali ya mke na mume ni moja, sasa hizo asilimia za nini? Mpe hiyo 60 heshima iwepo. Nimeona nyumba nyingi mwanamke akishaitwa bosi huko nje, akirudi chakula cha mume kinapikwa na dada wa kazi.

Binti Ilongero

@Mzee Nondo kama mali ni moja basi yeye achukue 40 mama achukue 60, si ni moja tu? Mbona umoja wenu unaanzia kwenye kubwa kila siku. Ruth Zaipuna kapewa kuongoza NMB 2020, hela zako ziko humo na ukienda ATM hujawahi kuuliza kama Mkurugenzi ana ndevu.

Mzee Nondo

@Binti Ilongero hiyo ni benki sio ndoa. Usichanganye.

Wakili wa Kichochoro

Tutulie kidogo. Dada nisikilize, na hii sio mbadala wa kwenda kwa wakili na karatasi zako mkononi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haikunyang'anyi chochote kwa kuolewa. Mali iliyoandikwa jina la mke inachukuliwa ni ya mke mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na mume hivyohivyo, ndo maana risiti za zile mashine zitafute hata kama zimefifia, piga picha, hifadhi. Ila usijidanganye kwamba mume hana chake humo. Mkifika mahakamani mchango unahesabiwa hata wa kazi za nyumbani, hiyo imetoka kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani. Watu wanaitaja sana hiyo kesi kama ushindi wa akina mama, wanasahau kwamba yule mama mwenyewe aliondoka mikono mitupu kwa sababu mume alishampa hela za mradi wa familia na mahakama ikaona kazifuja. Kanuni ikabaki, mgao hakupata. Kwa hiyo mumeo aliyenunua kiwanja ana mchango, na anajua.

Sasa kampuni. Ukishasajili, mashine ukiziingiza zinakuwa za kampuni, sio zako tena. Wewe unabaki na hisa. Hapo ndo 60 na 40 inakuwa na meno. Mwenye zaidi ya nusu ya kura anaweza kumtoa mkurugenzi kwenye kikao kwa azimio la kawaida, yaani mume akiwa na 60 anaweza kukuondoa kwenye uongozi wa mashine ulizonunua wewe na asivunje sheria yoyote. Kubadili katiba ya kampuni ndo kunataka robo tatu, kwa hiyo yeyote mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia. Maana yake hata ukimpa 40 hajatupwa nje, ana nguvu ya kusema hapana kwenye mambo makubwa. Hiyo mweleze, wengi hawaijui, wanadhani chini ya nusu ni sawa na sifuri.

Na wale watakaokushauri umwandike mdogo wako hisa za kivuli, achana nao. Siku hizi BRELA wanataka utaje mmiliki wa kweli nyuma ya hizo hisa.

Dada wa Kahama

Mimi naongezea tu, USIKUBALI 50 kwa 50, watakushawishi kwamba ndo haki. Sisi tulifanya hivyo na kaka yangu kwenye biashara ya mpunga, tukabishana kuuza au kusubiri bei, akaunti inataka sahihi mbili, yeye hataki kusaini na mimi sina kura ya kumzidi, tukakaa tunaangaliana mpaka wateja wakaenda kwingine. Bora mmoja awe na 51 mwingine anune.

Fundi Mizani

Naongea kama mwanaume ambaye mke wake ana duka la vifaa vya ujenzi na mimi nafanya kazi za watu. Wakuu mnampiga huyu mwalimu bure. Hebu dada jiulize, huo mkopo wa kununua mbegu dhamana yake itakuwa nini? Si ndo ile hati? Kama ni hiyo basi yeye ndo anaweka kichwa kwenye reli halafu kwenye karatasi asomeke mtu wa pembeni. Hiyo 60 huenda ni woga umevaa suti. Na wanaume hatusemi "naogopa", tunasema "mimi ndo kichwa".

Muulize kwa upole akiwa ameshakula.

Hilo la dereva lisikutoe kwenye mstari. Siku nyingine dereva akigoma mwambie geuza lori, lipo lingine nyuma yako. Wakijua hela inatoka kwenye pochi yako na sio kwenye simu ya mumeo watakuzoea, ila mumeo naye akubali kutopokea hizo simu. Akipigiwa aseme "ongea na mwenye mashine yuko hapo mbele yako". Hilo moja tu lingekusaidia kuliko asilimia zote.

Mama Mashudu

@Fundi Mizani umenishtua. Nimemuuliza jana usiku, sikusema nimetoa humu. Amekaa kimya muda mrefu halafu akasema benki wakija kuchukua hawataanza na mashine, wataanza na hati yake, na akanikumbusha msimu wa 2022/23 ushuru wa mafuta ya kula ya nje uliposhushwa, bei ya alizeti ikaanguka, wakulima wakawa wanalia na sisi tumejaza stoo mbegu tulizonunua kwa bei ya juu. Anasema yeye akistaafu hana kingine zaidi ya pensheni na hicho kiwanja. Kwa kweli hapo nilimwelewa.

Ila kuhusu nani aongoze bado kakaza. Nikamwambia basi uwe Mwenyekiti wa Bodi, akasema mwenyekiti ni cheo cha vikoba 😂

Mpika Vitabu

Mimi ni mhasibu, nitasema vya hela tu.

Kiwanja USIKIINGIZE kwenye kampuni. Kibaki jina lake, kampuni impangishe kwa mkataba wa maandishi, imlipe kodi ya pango kila mwezi, TRA wachukue 10% yao ya kodi ya zuio, inayobaki ni yake halali, hata wewe usimuulize imeenda wapi. Hapo hoja ya "kiwanja ni changu" imepata jibu lake bila kugusa hisa. Mashine zithaminishwe, ziingie kama mtaji wako, hisa zako zitoke hapo kwa hesabu na sio kwa kubishana.

Kama mnaishi kwenye kiwanja hichohicho, benki watataka ridhaa yako pia kuweka rehani, na wewe usisaini kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio.

Mkopo wa kwanza ombeni mdogo. Benki zina tabia ya kukupa kinachotosha hati na sio kinachotosha biashara. Nunua mbegu kwa mafungu mawili matatu, bei ikikugeuka hujalala na stoo nzima. Na mashudu yaandikwe! Nimekagua viwanda vidogo vya mafuta, mafuta yanahesabiwa mpaka dumu la mwisho, mashudu yanauzwa kwa mdomo na hela inaishia mifukoni, halafu mwisho wa mwaka mnashangaa faida haionekani. Huyo mwalimu kama anataka kazi mpe hiyo, hesabu na stoo, alipwe mshahara. Walimu wa hesabu ni wakali kwenye hayo mambo.

Mama Mashudu

Anafundisha jiografia 😂 ila sawa.

Mzee Nondo

Hili la kumpangisha kiwanja sina ubishi nalo, mtu alipwe chake. Ila 40 bado naona ndogo kwa mume.

Wakili wa Kichochoro

@Mama Mashudu zingatia mpangilio. Mkubaliane kwanza mkataba wa pango la kiwanja, muda wake uzidi muda wa mkopo, usije ukafukuzwa na mashine zako mkiwa na hasira. Halafu katiba ya kampuni iandikeni wenyewe, msikopi ile ya kwenye stationery ya jirani, muweke kwamba kukopa kwa kutumia hati yake kunahitaji sahihi yake. Hapo anapata kinga anayoitaka bila kuwa Mkurugenzi Mtendaji. Ndo muende BRELA, na kampuni ikishasajiliwa isaini ule mkataba wa pango. Wakurugenzi mtakuwa wawili kwa hiyo naye jina lake litakuwepo, ila Mtendaji ni wewe.

Mama Mashudu

Asanteni sana wakuu. Nimeyaandika yote kwenye daftari, Jumapili tukitoka kanisani nitamwekea mezani, nitaanza na kodi ya pango la kiwanja na hiyo sahihi ya mkopo, hisa nitazisema mwisho. Yakikubali au yakigoma nitarudi kuwaambia.

Kipara wa Kibaha

Tukisubiri Jumapili, lita tano unauzaje? Huku Kibaha tunauziwa mafuta hata hatujui yametoka kwenye nini.

Mama Mashudu

Njoo PM. Ila lori likifika, mwenye mashine ni mimi.

Kipara wa Kibaha

Sawa bosi.