Wauza majaketi ya baridi, acheni kuandika "haipitishi maji" kwenye kitu kinachovuja!

Wakuu, hii hasira nimekaa nayo wiki ya tatu sasa, leo naitoa maana nikizidi kunyamaza kuna mwingine ataenda kuumia kama tulivyoumia sisi.

Iko hivi. Mimi na rafiki yangu tulipanga kupanda mlima siku mbili, tulale hukohuko juu kwenye hema. Na hatukukurupuka, tulienda dukani mapema kabisa tukamwambia muuzaji tunakoenda kuna baridi, kuna upepo na mvua inaweza kushuka muda wowote. Akatutolea majaketi mawili mazito, ndani yamejazwa manyoya ya bata, lebo imeandikwa kwa herufi kubwa HAIPITISHI MAJI, akasema ukivaa hili huhitaji kitu kingine, ndani tupia fulana ya pamba inatosha. Tukamwamini. Yeye ndo anauza hivyo vitu kila siku, sasa tungemwamini nani?

Siku ya kwanza hata masaa mawili hayajaisha jasho linatiririka. Jaketi zito moja halina kati na kati, ukilivaa unaiva, ukilivua upepo unakukata. Fulana ya pamba ikaloa chapachapa ikagandia mgongoni, na tulivyosimama tu kupumzika baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, maana maji yanachukua joto la mwili haraka karibu mara 25 kuliko hewa, na pamba ikishayanywa haiyaachii kirahisi. Alafu mchana ikaja mvua. Mvua ya kawaida kabisa, kama dakika arobaini hivi, na ndani ya hizo dakika maji yakaanza kuingia mabegani pale mikanda ya begi inapokandamiza, yakaingia kwenye mishono, yakaingia kwenye zipu. Manyoya yakaloa yakawa mabongemabonge. Yale manyoya hayana joto lake yenyewe, kinachokupa joto ni hewa inayokaa katikati yake, yakishalala hewa imetoka na umebaki umevaa maji.

Mwenzangu akaanza kutetemeka. Nikamwambia jikaze tukifika utapata joto, na hili najilaumu nalo mpaka leo. Jioni maneno yakawa yanamvutika mdomoni kama mtu aliyelewa, anashindwa hata kushika zipu, na kilichonitisha kuliko vyote akaacha kutetemeka wakati mikono yake ni ya baridi kama chuma. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani kapata nafuu! Jamani mtu wa baridi akiacha kutetemeka bila kupashwa joto hajapona, mwili unaishiwa nguvu ya kujipigania, hiyo ndo hatari yenyewe.

Watu wa hema la pili ndo waliotuokoa. Walimvua kila kilicholoa, wakamkausha, wakamvalisha nguo za sufu kavu na kofia, wakamlaza ndani ya slipingi begi (mfuko wa kulalia) na godoro jembamba chini yake ili ardhi isimnyonye joto, na alivyoanza kueleweka anachosema wakamnywesha kitu cha moto chenye sukari taratibu. Wakati tunasubiri mmoja wao akachukua jaketi langu akaligeuza ndani nje akaniambia angalia mishono. Haina utepe hata mmoja. Kila sindano ilipopita ni tundu, na matundu yote yako wazi.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Kustahimili manyunyu na kuzuia mvua ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanajua! Cha kwanza ni kitambaa kilichopakwa dawa inayofanya matone yateleze, ukifua mara kadhaa na begi likisugua inaisha. Cha pili kina utando maalum, mishono imebandikwa utepe kwa ndani, na mara nyingi wanakuwekea namba kwenye lebo, 10,000 au 20,000, hizo ni milimita za maji ambazo kitambaa kilibeba kabla ya kuanza kuvuja, yaani 10,000 ni kama umekisimamishia nguzo ya maji ya mita 10. Lebo yetu haina namba yoyote, ina maneno tu. Nilivyorudi nalo yule muuzaji akanijibu "bro, mvua ikiwa nyingi lazima maji yapite." Hela amegoma kurudisha. Kama lazima yapite kwa nini umeandika hayapiti?

Na wale watu wa hema la pili walikuwa wamevaa nini? Hakuna aliyekuwa na jaketi zito la kupandia. Leya ya ngozini ni nyembamba, ya sufu au polista, inavuta jasho kutoka mwilini. Juu yake flisi, yaani sweta la kitambaa laini chenye vinyweleo, ya kushika joto. Juu kabisa jaketi jepesi la mvua lisilo na pamba wala manyoya ndani, lina zipu za kwapani za kutolea mvuke, na linakaa kwenye begi mpaka upepo au mvua ije. Ya manyoya wanayo pia ila inatoka wakisimama, na ikiwa kavu. Wakianza kupanda wanapunguza nguo kabla jasho halijaanza, wakisimama wanaongeza kabla baridi haijaingia. Hivi kwa nini muuzaji hakutuambia hata neno moja kati ya haya? Najua kwa nini, jaketi moja zito lina faida kubwa kwake na maelezo yanamchelewesha.

Hata soksi alitudanganya, eti vaeni pea mbili nene, buti zikabana damu ikashindwa kupita vizuri, vidole vikaganda kuliko tungevaa pea moja. Glovu za vidole vitanovitano ndo usiseme, wenzetu walikuwa na zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja vinapashana.

Kwa hiyo mwenye jaketi lililoandikwa haipitishi maji ligeuze leo, angalia mishono ya mabega na ya kofia, kama hakuna utepe usilipeleke mlimani kwa kuamini lebo. Na kama umeuziwa kwa maneno kama tuliyouziwa sisi weka picha ya lebo na ya mishono hapa chini, mimi zangu naziweka usiku, nataka niende nazo nyingi kwa huyo muuzaji. Mwenzangu vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka asubuhi ya leo bado vinamfa ganzi.