Naomba ushauri: vitambaa vya viraka vimejaa nyumba, mwavipanga vipi?

Assalam alaykum wapendwa, niko Lamu, nashona mablanketi ya viraka na vitambaa vimejaa mpaka chini ya kitanda, leso kuukuu, vitenge, mabaki ya kwa fundi, nikitaka kipande kimoja chekundu lazima nimwage vyote. Nilikata kadibodi nikavizungushia, vikasimama kabatini kama vitabu, wallahi vilipendeza! Lakini hii hewa ya bahari jamani, juzi nafungua sanduku la mamangu nakuta leso nyeupe ina madoa ya ukungu palepale kwenye mkunjo. Sasa ndoo za plastiki zenye kifuniko ni salama ama zinafungia unyevu ndani? Na vipande vya inchi 5 mwavitenga kwa rangi ama saizi? Kafuri sitaki, harufu yake yaniumiza kichwa.