Mrejesho: Kanda za roki za mjomba

Asanteni nyote. Niliuliza kama kanda za muziki wa roki alizoniachia mjomba bado zina ladha, au ni mapenzi ya utotoni tu. Wiki nzima nimezisikiliza usiku, barazani kwetu Kibokoni.

Paranoid ya bendi ya Black Sabbath, ya 1970, ilikwama. Nikaizungusha kwa kalamu, taratibu, mpaka ikakubali. Lo! Gitaa lile zito lilipigwa na Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani akajitengenezea vifuniko vya plastiki. Nilisisimka mwili mzima.

Master of Puppets ya bendi ya Metallica, ya 1986, haijachuja hata kidogo. Kanda ya bendi ya Queen, ya 1975, nyimbo mbili niliziruka, ila sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ilimtoa mama jikoni.