Naomba ushauri: tableti inagoma kufungua vitabu na video zangu

Habari za jioni wakuu. Nimenunua tableti ya Android ya mtumba, inchi 10, ramu GB 2, nilitaka ya kusomea vitabu na madogo waangalie katuni. Sasa shida ndo hii, PDF zinafunguka ila maandishi ni kama sisimizi, nikikuza inabidi niburuze kushoto kulia kila mstari mpaka hamu ya kusoma inaisha. EPUB (aina nyingine ya faili za vitabu) ziko poa kabisa, maandishi yanajipanga yenyewe. Ila nina vitabu kama 40 vya MOBI (nayo ni aina ya faili za vitabu) toka kwenye kompyuta ya zamani, hivyo haifungui hata kimoja.

Kwenye video ndo kichekesho. MP4 za H.264 (namna ya kubana picha za video) zinacheza freshi, lakini MKV (aina nyingine ya faili za video) za H.265, namna mpya zaidi ya kubana, sauti inaenda picha imeganda, na kuna moja picha safi ila bubu kabisa, kucheki sauti yake ni ya aina ya AC3. Nikaweka VLC (programu ya kuchezea video), ile bubu ikaongea, hizi za H.265 bado zinakwama. Hadi kubadilisha jina toka .mkv kwenda .mp4 nimejaribu (msinicheke), wapi.

Naomba kujua mambo mawili tu: MOBI nikizipitisha Calibre (programu ya kubadilisha faili za vitabu) ziwe EPUB, picha na mpangilio wa sura vitabaki au vitavurugika? Na H.265, kuna setingi yoyote ya kuzisaidia au ndo nizigeuze zote kuwa H.264, maana laptop yangu nayo imechoka, faili moja tu inakula usiku mzima.

Natanguliza shukrani wakuu.